Oili ya Pikipiki Inapoongezeka Yenyewe



Katika kurasa hizi tumezoea kuandikiana khabari za miche, za uchumaji na za uanikaji, na huenda baadhi yenu mkashangaa kuona leo twasema juu ya injini. Lakini kila mmoja wetu ajua ya kuwa karafuu siku hizi haitoki shamba kwa kichwa na kwa punda peke yake. Yatoka juu ya pikipiki (honda, kama vijana wetu wanavyoziita zote, hata ikiwa jina jingine limeandikwa ubavuni), gunia limefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Pikipiki ikilala njiani katikati ya msimu, karafuu mbichi nayo hulala guniani. Na karafuu mbichi iliyolala guniani hupata joto, huchacha, na ikianikwa haitoi tena rangi wala bei.

Jambo tunalotaka kulieleza ni petroli kuvuja ndani kwa ndani na kuingia katika oili ya injini. Uvujaji huu aghalabu hauachi alama sakafuni, na dalili yake ya kwanza hufanana na neema: oili, ambayo desturi yake ni kupungua, huongezeka. Mwenye pikipiki hupima, akaona imejaa, akafurahi, akaenda zake.

Sisi wenyewe tulifurahi hivyo hivyo. Msimu uliopita pikipiki ya chama ilianza kunywa petroli kupita kiasi. Mweka hazina alileta daftari, tukaona tangi lililokuwa likitosha siku nne sasa halifiki siku tatu, na safari ni zile zile. Tukamwita kijana aliyekabidhiwa pikipiki. Akasema hajui. Tukamwuliza petroli yaenda wapi, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Akaapa. Kamati ikakata fedha katika ujira wake wa mwezi ule, na barua ya kumkata tuliiandika sisi kwa mkono wetu. Wakati huo huo fundi mmoja aliisikiliza injini, akaona moshi, akasema ringi za pistoni zimekwisha. Tukanunua ringi, tukalipa kazi, na wiki mbili baadaye moshi ukarudi. Kisha asubuhi moja, magunia yamekwisha fungwa, kiki ikakataa kushuka. Mguu ulikuwa kama umekanyaga jiwe. Tulipofungua boliti ya chini ilitoka oili nyepesi kama chai ya rangi, yenye harufu ya petroli, tena ilikuwa nyingi kuliko tuliyoitia. Petroli tuliyomtuhumu nayo yule kijana ilikuwa pale miguuni petu, ndani ya karai.

Ili mtu aweze kupeleleza, yafaa kwanza ajue njia ipitayo petroli. Katika pikipiki nyingi tulizo nazo, zile za injini ndogo ya mipigo minne yenye kabureta, tangi li juu na kabureta i chini yake, na petroli huteremka kwa uzito wake wenyewe. Katikati pana koki. Chini ya kabureta pana kikombe, na ndani ya kikombe pana floti, yaani boya dogo. Petroli ikijaa, floti huelea ikapanda, na ikipanda huisukuma sindano fupi, ambayo aghalabu ina ncha ya mpira, ikaziba tundu la kuingilia. Petroli ikitumika, floti hushuka na tundu hufunguka. Matangi ya maji ya majumbani hujifunga kwa njia hiyo hiyo. (Pikipiki mpya zisizo na kabureta, ambazo petroli yake hunyunyizwa kwa pampu na umeme, zina njia nyingine, na hatuzisemei hapa.)

Sasa ikiwa sindano haizibi sawasawa, petroli haikomi. Na sababu za kutoziba ni nyepesi mno. Chembe moja ya mchanga yatosha. Petroli tunayouziwa kandoni mwa barabara katika chupa za maji mara nyingi huja na vumbi na nyuzi za kitambaa, na tangi kuukuu hutoa kutu. Ncha ya mpira huliwa kwa miaka ikafanya kijibonde. Floti nayo yaweza kutoboka ikaingiwa na petroli, ikawa nzito, isielee.

Pikipiki ikisimama na koki i wazi, petroli huendelea kupanda katika kikombe. Kabureta nyingi zina mpira mwembamba wa kumwaga ziada nje, na aheri imwagike nje, kwa sababu mwenyewe ataona na kunusa. Lakini mpira huo ukizibwa na tope, au na nyigu wanaojenga kwa udongo, au pikipiki ikiegemea vibaya, petroli hutafuta njia ya pili. Huingia katika bomba la kuvutia hewa. Hupita valvu, ikiwa injini ilisimama pale ambapo valvu hiyo i wazi. Hukaa juu ya pistoni, kisha hujipenyeza pole pole katika mwanya wa ringi mpaka tumboni mwa injini, pale oili ikaapo. Ringi zimefanywa zizuie msukumo wa moto kwa nukta chache chache injini ikizunguka. Hazikufanywa zizuie petroli iliyokaa juu yake usiku kucha. Kwa hivyo hata ringi mpya kabisa zitapitisha, na hili ndilo lililotupoteza sisi na fundi wetu.

Mtu atasema, tone moja moja litadhuru nini? Na tuhesabu. Tone la petroli ni dogo kuliko la maji. Tukadirie matone 50 kwa mililita 1. Likidondoka tone moja kila sekunde 5, toka saa 12 jioni hata saa 12 asubuhi ni matone 8,640, yaani zaidi ya mililita 170. Hicho ni kikombe cha chai. Na injini hizi ndogo huchukua oili takriban lita moja tu. Wapimaji wa oili huanza kuwa na wasiwasi petroli ikifika sehemu chache katika mia. Hapa kwa usiku mmoja imeingia kama sehemu 15 katika mia.

Oili iliyochanganyika hivyo hupoteza unene wake, na unene ndio unaoitenga chuma na chuma. Beringi, kamshafti na pistoni hubaki kusugana. Kumbukeni pia ya kuwa katika pikipiki hizi oili ile ile moja huhudumia injini, gia na klachi, kwa hivyo ikiharibika yaharibika kwa wote. Safari ndefu, injini ikapata moto, hurusha sehemu ya petroli kwa njia ya bomba la kupumulia. Ndiyo sababu pikipiki iendayo mjini kila siku huweza kuvumilia, na ile ya kutoka shamba hadi kwenye majamvi na kurudi huzidi kuugua. Khatari kubwa zaidi ni petroli ikijaa juu ya pistoni. Maji maji hayashindiliki kama hewa. Kiki ikikataa msiilazimishe, na wenye stata ya umeme msibonyeze tena, kwani mkono wa pistoni waweza kupinda. Fungeni koki, zimeni swichi, toeni plagi na kuiweka mbali, funikeni tundu kwa kitambaa, kisha izungusheni injini taratibu mpaka petroli itoke.

Tuje kwenye kupeleleza. Jambo la kwanza ni kupima oili kwa haki. Pikipiki isimame wima juu ya sakafu iliyo sawa, si kwa kuegemea stendi ya ubavuni. Pimeni asubuhi kabla ya kuiwasha. Pangusa kijiti, kitumbukize, kitoe, soma. Katika pikipiki nyingi kijiti hutumbukizwa tu bila kukizungusha katika hesi zake. Kitabu cha pikipiki kitasema, na ni vyema kukitafuta kitabu hicho kabla hakijafungiwa karanga. Zingine zina kioo kidogo ubavuni badala ya kijiti.

Ikiwa oili imepita alama ya juu, msiseme mara moja ni petroli. Ulizeni kwanza nani aliitia mara ya mwisho na kwa kipimo gani, kwa kuwa wapo wanaomimina mpaka ionekane mdomoni. Kisha tazameni rangi. Ikiwa nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa, hayo ni maji, na maradhi yake ni mengine. Ikiwa nyeusi ya kawaida lakini yateleza kijitini upesi kama mafuta ya taa, shuku petroli. Nuseni, na weka kando yake oili mpya ya chupa ili pua ipate kulinganisha, kwani oili iliyotumika siku nyingi ina harufu yake ya moto hata ikiwa nzima. Waweza pia kudondosha tone moja la kila oili juu ya karatasi inyonyayo. Ile yenye petroli hutambaa upesi na kufanya duara pana jepesi kando ya lile jeusi. Jaribio hili ni la kuongozea tu, msilifanye hukumu.

Wapo watu wanaokiwasha kijiti kwa kiberiti waone kama oili yashika moto. Tumeliona likifanywa kwa macho yetu, na twalikataza kabisa. Mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, seuze katika joto letu, na tumbo la injini lililojaa mvuke huo si kitu cha kukaribishiwa sigara, wala taa ya kibatari, wala kiberiti.

Dalili nyingine zisaidiazo ni hizi: plagi kutoka imelowa asubuhi, injini kuwaka kwa shida, kisha kutoa moshi mwingi, chujio la hewa kukutwa limelowa oili, kwa sababu oili iliyozidi hutapikwa kwa bomba la kupumulia, na petroli kwisha kabla ya wakati wake, jambo ambalo wenye daftari watalijua mbele ya wengine, ikiwa hawatakimbilia kumtafuta mwizi.

Hata hapo bado hatujajua petroli yaingia lini, na hili ndilo swali lenyewe. Petroli yaweza kuingia pikipiki ikiwa imesimama, nayo ni kosa la koki na kabureta. Au yaweza kuingia injini ikiwa yazunguka, kwa sababu choki imenasa, au cheche za plagi ni dhaifu na petroli haiungui yote, au ringi zimekwisha kweli. Dawa ya moja haiponyi ya pili. Fundi asiyeuliza lini atabahatisha, na kubahatisha kwake mtakulipia ninyi.

Njia ya kujua ni usiku. Mwageni oili mbovu yote, tieni mpya hata alama, wacheni injini izunguke kidogo ili oili ienee, kisha izimeni na kufunga koki. Asubuhi pimeni, mkatie alama kijitini kwa uzi. Msiende popote. Usiku wa pili iacheni pikipiki pale pale, koki wazi, mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na ghala. Asubuhi pimeni tena. Ikiwa oili imepanda, mmempata mshitakiwa, nayo ni kabureta. Wala msiiwashe injini mpaka oili hiyo imemwagwa. Twalinganisha asubuhi kwa asubuhi kwa makusudi, kwani oili iliyorushwa juu injini ikizunguka huchukua muda kurejea chini, na mwenye kupima jioni kisha asubuhi aweza kudanganywa na oili yake mwenyewe.

Ikiwa haikupanda, usiku mmoja hautoshi. Huenda valvu ilikuwa imefunga usiku ule, au chembe iliyo chini ya sindano imesogea. Zungusheni kiki kidogo na mrudie usiku mwingine mmoja au miwili. Ikiwa bado haipandi, ndipo tembezeni pikipiki kwa kazi zake siku kadhaa, koki ikifungwa kila isimamapo. Oili ikiongezeka katika hali hiyo, petroli yaingia njiani. Tazameni choki, plagi na chujio la hewa kwanza, na ringi mwisho, kwa sababu ya gharama yake. Na ikiwa yapanda usiku hata koki ikiwa imefungwa, basi koki yenyewe yavuja, na hapo pana makosa mawili, kwani kabureta nzima ingeizuia.

Koki yapimwa kwa urahisi. Chomoeni mpira wake kwenye kabureta, mwelekeze katika chupa kavu ya kioo, fungeni koki, mngoje saa moja. Chupa yapasa kubaki kavu. Baadhi ya pikipiki na skuta zina koki isiyofungwa kwa mkono, ambayo hufunguliwa na mvuto wa hewa ya injini kwa kupitia kimpira kingine chembamba. Ndani yake pana ngozi nyembamba ya mpira, na ikipasuka petroli hupita katika kimpira hicho moja kwa moja hata injini, isipite kabureta hata kidogo. Chomoeni kimpira hicho. Kikiwa kimelowa petroli ndani, msihangaike na mengine.

Kwa kabureta, chombo chetu tukipendacho ni mpira wa plastiki wenye kuonyesha, wa urefu wa dhiraa moja. Ufungeni kwenye tundu la kumwagia lililo chini ya kikombe, uinueni ubavuni mwa kabureta, legezeni skurubu ya kumwagia, mfungue koki. Petroli itapanda mpirani hata ilingane na iliyomo kikombeni, kama maji katika mpira wa waashi. Katika kabureta nyingi yapasa isimame chini kidogo ya pale kikombe kinapoungana na mwili wa kabureta. Ngojeni robo saa. Ikiwa yazidi kupanda taratibu, sindano haizibi, na mmeona kwa macho bila ya kufungua kitu.

Kuifungua ni kazi ya nusu saa kwa fundi mtulivu. Kikombe kisafishwe, floti itikiswe sikioni isikike kama ina petroli ndani, ncha ya sindano itazamwe kwa mwanga kama ina kijibonde, na pale sindano ikalipo pafutwe kwa kijiti cha pamba, si kwa msumari. Kisha kabureta ipinduliwe juu chini ili floti iikandamize sindano, na mtu apulize kwa mdomo katika njia ya petroli. Hewa isipite. Sindano mpya ni kitu cha fedha kidogo mno ukiilinganisha na ringi, na ya pikipiki yetu ilimaliza maradhi yote.

Wazee wenye Vespa za mipigo miwili wataona mengi ya hapo juu hayawahusu. Katika injini zao petroli iliyochanganywa na oili hupita tumboni kwa desturi, na koki ikiachwa wazi tumbo hufurika, Vespa ikakataa kuwaka, plagi ikalowa, lakini hakuna oili ya kuharibu pale. Oili yao ya gia i katika chumba chake. Ikiwa oili hiyo yanuka petroli, au yapungua huku moshi umezidi, tazameni sili ya shafti upande wa klachi.

Baada ya matengenezo oili yote imwagwe, isipunguzwe tu hadi alama, na ile mpya ibadilishwe tena baada ya siku chache, kwani masalio hubaki ndani ya injini. Koki ifungwe kila usiku. Pikipiki itakayokaa miezi baina ya misimu imwagwe petroli ya kikombe cha kabureta kabisa, isije ikakauka ikaacha gundi chini ya sindano. Na msiilaze ndani ya ghala la karafuu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni usionekane hata ufike penye moto. Na karafuu ni kitu cha kushika harufu.

Kuhusu kijana wetu, Kamati ilimwita tena, ikamrudishia fedha zake zote, na tukaandika barua ya pili kwa mkono ule ule. Aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni bila ya kuisoma mbele yetu. Pikipiki bado anayo yeye, na kila asubuhi huandika kipimo cha oili katika daftari lile lile la petroli. Mpira wa plastiki umetundikwa nyuma ya mlango wa afisi. Mwanachama atakaye kuuazima aje kati ya saa 2 na saa 6, atie jina lake katika kitabu, na akiurejesha awe ameukausha.